Jina la Mji na Jina la Mwenyeji

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Bwana Katibu aliponiomba nitoe maneno jioni hii, nalimwuliza wanachama wangependa kusikia habari gani. Akanijibu, "Habari yo yote, mradi isiwe ya mishahara, kwa sababu hiyo twaisikia kila mkutano." Basi nimechagua jambo ambalo nadhani liko mbali sana na mishahara, nalo ni jinsi Warumi na Wayunani wa kale walivyofanya majina ya watu kutokana na majina ya miji yao. Wale miongoni mwenu mliosoma shule za Misheni mtakumbuka taabu tuliyoipata katika Kilatini, na huenda wengine mnaogopa sasa kwamba nitawauliza maswali. Sitauliza. Naomba tu mnistahimilie kwa muda wa nusu saa, maana jambo lenyewe lina mwiba ndani yake, nami nalichomwa na mwiba huo kabla sijajua ulikotoka.

Mwaka wangu wa pili katika ukarani nalipewa kazi ya kuandika orodha ya watumishi waliostahili kwenda livu, pamoja na nauli ya kila mmoja mpaka kwao. Miongoni mwao alikuwamo karani mwenzetu mmoja, mtu mzima kuliko mimi, aliyehamishwa kuja kwetu pwani kutoka Dodoma baada ya kufanya kazi huko miaka sita. Katika barua ya uhamisho wake ilikuwa imeandikwa kwamba yeye ni "karani wa Ugogo". Nami kwa haraka ya ujana, na kwa kutaka safu zangu zote zijae, nikaandika mahali pa kabila, "Mgogo". Kwao ilikuwa Tukuyu. Akapewa nauli ya gari la moshi mpaka Dodoma, wala asipate senti ya kumfikisha mbele. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwaandikia jamaa zake siku ya kufika, aliuza saa yake pale Dodoma apate kupanda lori. Aliporudi hakunigombeza. Alinijia mezani pangu, akasimama, akasema, "Bwana mdogo, mama yangu alinizaa Tukuyu, nawe umenizaa mara ya pili Dodoma. Sasa niambie nimwamkie nani."

Kosa langu lilikuwa nini? Nalidhani kwamba "karani wa Ugogo" na "karani Mgogo" ni neno moja, kumbe ni maneno mawili yenye maana mbili. La kwanza laonyesha mahali mtu alipo kwa kazi yake. La pili laonyesha asili yake. Miaka kadha wa kadha baadaye, nilipofungua tena vitabu vyangu vya shule, niliona kwamba Warumi walikuwa na tofauti hiyo hiyo, tena wao waliilinda kwa mikia ya maneno.

Nasema mikia kwa makusudi. Katika lugha yetu jambo hili hufanywa kichwani mwa neno. Mgogo ni mtu, Ugogo ni nchi, Kigogo ni lugha na desturi. Shina ni lile lile, ila kichwa ndicho kibadilikacho. Warumi na Wayunani walifanya kinyume: kichwa hakiguswi, mkia ndio unaobadilika. Kutokana na Roma wakapata Romanus, yaani Mrumi. Na kutokana na Korinthos, Wayunani wakapata Korinthios, yaani Mkorintho. Waliofasiri Nyaraka za Paulo katika Kiswahili iliwapasa kukata mkia kila mara na kuvika kichwa. Na angalieni jinsi kazi yao ilivyokuwa nyepesi kuliko ya Myunani! Myunani husema Korinthios, Ephesios, lakini husema Thessalonikeus, kwa mkia mwingine. Sisi twasema Wakorintho, Waefeso, Wathesalonike, kichwa kimoja kwa wote, wala hatuna haja ya kuuliza.

Warumi iliwapasa kuuliza. Tazameni miji mitatu ya Italia ambayo majina yake yote huishia kwa -um: Tusculum, Tarentum na Arpinum. Mtu wa Tusculum ni Tusculanus, wa Tarentum ni Tarentinus, na wa Arpinum ni Arpinas. Mji wa Roma watoa Romanus, lakini Parma, ulio na mwisho ule ule, watoa Parmensis. Mwalimu wetu alitulazimisha kukariri haya, na mwanafunzi mmoja alipouliza kwa nini, aliambiwa afunge mdomo. Walakini swali lake lilikuwa la haki, na Warumi wenyewe waliliuliza. Marcus Terentius Varro, aliyezaliwa mwaka 116 K.K. na kufa mwaka 27 K.K., aliandika vitabu 25 juu ya lugha ya Kilatini, navyo vilivyobaki ni sita, tena vyenye mapengo. Katika hivyo ameleta hoja za pande mbili zilizokuwa zikishindana: upande mmoja walisema kwamba maneno yafanana na yapasa kufuata kanuni, upande wa pili walisema kwamba mazoea ya watu ndiyo kanuni. Na mifano mingi ya hao wa pili ilikuwa majina ya wenyeji wa miji. Palikuwa na miji miwili iliyoitwa Alba, akasema Varro. Wenyeji wa mmoja huitwa Albani, na wenyeji wa wa pili huitwa Albenses. Jina la mji ni moja, na watu wana majina mawili, wala hakuna awezaye kuyajua kwa kufikiri chumbani mwake. Lazima aende akasikie. Varro mwenyewe aliitwa Reatinus, kwa kuwa watu wake walitoka mji wa Reate.

Kilatini hata kina neno moja la kuuliza "mtu wa wapi?", nalo ni cuias, lililofanywa kwa mkia ule ule wa Arpinas, na jibu lake laweza kuwa nostras, yaani "wa kwetu". Cicero, ambaye ndiye aliyekuwa Arpinas, amesimulia kwamba Sokrates alipoulizwa swali hilo alijibu kuwa yeye ni mundanus, mtu wa ulimwengu. Mimi hucheka nisomapo habari hiyo, maana hata mtu aliyekataa kutaja mji wake iliandikwa kwamba alitumia mkia wa -anus, kama mwenyeji wa Capua au Tusculum.

Sasa nafika kwenye kosa langu la orodha ya livu. Nchi ya Hispania ilikuwa na maneno mawili ya sifa. Hispanus ni mtu wa asili ya huko. Hispaniensis ni mtu au kitu kilichoko huko tu: jeshi la Warumi lililokaa Hispania laitwa kwa neno hili la pili, kwa kuwa askari wake walikuwa Warumi. Vivyo hivyo Sicilia: Siculus ni mwenyeji, Siciliensis ni cha huko au cha kazi ya huko. Mshairi Martialis alizaliwa Hispania, akakaa Rumi miaka 34, kisha akarudi kwao uzeeni. Alipopeleka Rumi kitabu chake cha kumi na mbili, aliandika katika dibaji yake kwamba aliogopa kisije kikawa si Hispaniensis bali Hispanus. Maana yake ni hii: kuandikwa huko si aibu, lakini kikinuka lugha ya huko, wasomaji wa Rumi watakicheka. Mtu mwenyewe ni Hispanus wa kuzaliwa, naye aogopa kitabu chake kisiitwe hivyo! Nadhani wapo hapa jioni hii watu wanaoielewa hofu ya namna hiyo bila kufasiriwa.

Wayunani nao walikuwa na tofauti hiyo kwa kisiwa kile kile cha Sicilia. Walipohamia huko, tangu karne ya nane K.K., waliwakuta wenyeji, wakawaita Sikeloi. Wao wenyewe, Wayunani waliokaa kisiwani, hawakupenda kuchanganywa nao. Wakajiita Sikeliotai, yaani Wayunani wa Sicilia. Vile vile walijiita Italiotai wale waliokaa Italia. Mkia wa -otes ulikuwa ukuta. Karani Mrumi ambaye angemwandika Sikeliotes kuwa Sikelos, nadhani angepata maneno makali kuliko niliyoyapata mimi.

Lakini mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni jina letu wenyewe. Chama chetu ni cha watumishi wa Serikali Waafrika, nasi twaliandika neno hili katika kila barua bila kuliuliza lilizaliwa wapi. Warumi waliwaita Afri watu walioishi karibu na mji wa Carthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Mtu mmoja wao ni Afer. Kutokana na jina la watu hao wakaiita nchi Africa, na baada ya mwaka 146 K.K. jina hilo likawa la jimbo la dola yao. Waarabu walipofika huko wakalipokea, wakasema Ifriqiya. Na watu wa Ulaya wakalinyosha mpaka likafunika bara zima, pamoja na sisi huku, ambao hakuna Mrumi aliyetuwazia tulipopewa.

Basi kutokana na nchi hiyo palikuwa na maneno matatu. Afer ni mtu mwenyewe wa huko. Africus ni upepo: Warumi waliuita hivyo upepo uliovuma kutoka upande wa Afrika, kusini-magharibi, nao mabaharia waliuogopa kwa dhoruba zake, kama manahodha wetu wanavyouheshimu kusi. Na Africanus ni neno la mambo ya nchi hiyo na vitu vitokavyo huko. Ndege tumwitaye kanga, kwa mfano, Varro amwita kuku wa Africa, kwa neno hili hili la tatu. Lakini neno Africanus lilipewa kazi nyingine yenye sifa kubwa. Publius Cornelius Scipio alipomshinda Hannibal katika vita vya Zama, mwaka 202 K.K., aliitwa Africanus. Si kwa kuwa alitoka Afrika, bali kwa kuwa aliishinda. Hii ilikuwa desturi yao. Metellus aliyepigana na Numidia aliitwa Numidicus. Mummius aliyeuteketeza mji wa Korintho mwaka 146 K.K. aliitwa Achaicus, kwa jina la nchi ya Akaya.

Nanyi sikilizeni habari ya watu wawili walioishi wakati mmoja katika mji mmoja, kila mmoja akibeba jina la Afrika kwa mkia wake. Wa kwanza ni Publius Terentius Afer, mtunzi wa michezo ya kuigiza. Yasimuliwa kwamba alizaliwa Carthago, akaletwa Rumi mtumwa wa mzee wa baraza mmoja aliyeitwa Terentius Lucanus, ambaye aliiona akili yake, akamsomesha, kisha akampa uhuru. Kwa desturi ya Warumi mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake. Kwa hiyo Terentius si jina la asili yake. Lililobaki la kwao ni lile la mwisho tu, Afer. Alitunga michezo sita, na Kilatini chake kikasifiwa kwa usafi hata wanafunzi wakajifunza kwacho kwa karne nyingi. Wenye wivu walisema kwamba haikuwa kazi yake, ati wakuu ndio waliomsaidia. Naye hakukana kwa nguvu.

Wa pili ni mmoja wa hao wakuu, rafiki yake, Scipio Aemilianus, aliyekuwa mjukuu wa kulelewa wa yule Scipio wa Zama. Baba yake mzazi, Aemilius Paullus, alipokufa, mchezo wa Terentius Afer uitwao Adelphoe ulichezwa katika michezo ya matanga yake, mwaka 160 K.K. Mwaka uliofuata Terentius alikufa. Na mwaka 146 K.K. Scipio akauzingira mji wa Carthago, akauteka, akauchoma moto mpaka ukawa majivu. Naye pia akaitwa Africanus, safari hii kwa kazi yake mwenyewe, si kwa urithi. Hivyo aliyezaliwa katika mji ule aliitwa Afer, na aliyeuchoma mji ule aliitwa Africanus.

Mabwana, sisi twaitwa kwa mkia upi? Waingereza walichukua neno lao kutoka Africanus, nasi katika Kiswahili tulipopokea jina la bara tuliukata mkia wote, tukaweka kichwa chetu: Mwafrika, kama Mgogo na Mkorintho. Nakiri kwamba jambo hili lilinifurahisha. Kichwa cha M- hakijui kushinda nchi za watu. Hakuna aliyepata kuitwa Mgogo kwa sababu aliwapiga Wagogo.

Nitasema kidogo juu ya Romanus, maana neno hilo lilikuwa na nguvu kuliko yote. Mwaka 70 K.K. Cicero alimshitaki Verres, aliyekuwa liwali wa Sicilia, kwa dhuluma nyingi. Na kubwa kuliko zote ilikuwa habari ya mtu mmoja aliyeitwa Gavius, mwenyeji wa Consa, Consanus. Gavius alikamatwa Messana, akafungwa, akapigwa fimbo sokoni, na kwa kila pigo hakulia ila alisema kwamba yeye ni raia wa Rumi. Verres hakujali. Alimsulibisha mahali ambapo angeweza kuiona Italia ng'ambo ya mlango wa bahari. Karne moja na zaidi baadaye, Yerusalemu, Paulo alimwambia jemadari kwa Kiyunani kwamba yeye ni Tarseus, mtu wa Tarso, akapewa ruhusa ya kusema na watu. Walipotaka kumpiga mijeledi, amekwisha kufungwa, akatoa neno la pili, Romaios, na mijeledi ikashuka chini. Ni mtu yule yule, na majina yote mawili ni ya kweli. Moja lilimpatia ruhusa ya kusema, jingine likamwokoa ngozi yake. Na huo mji wa Rumi alikuwa bado hajauona. Mwaka 212 baada ya Kristo Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu wote walio huru katika dola, na tangu hapo neno hilo halikuwa tena la mji. Hata Wayunani wa Constantinople walijiita Romaioi mpaka mji wao ulipotekwa mwaka 1453.

Na huko Constantinople ndiko alikoishi mtu ambaye mimi namhesabu kuwa mkuu wa makarani wote. Jina lake Stephanus, mwalimu wa lugha, wa karne ya sita, siku za Kaisari Justinian. Alifanya kitabu kiitwacho Ethnika. Kazi yake ilikuwa hii: kuandika jina la kila mji, nchi, kisiwa na kijiji alichokisoma katika vitabu vya Wayunani, kwa utaratibu wa alfabeti, na mbele ya kila jina kuandika mwenyeji wake aitwaje, na kitu cha huko kiitwaje. Maana Wayunani waliyatenga mambo haya mawili, kama sisi tunavyotenga M- na Ki-: Korinthios ni mtu, Korinthiakos ni cha Korintho. Kitabu chake kilipita juzuu hamsini. Kwa bahati mbaya watu waliona ni kirefu mno, wakakifupisha, na ufupisho ndio uliotufikia, isipokuwa kipande kidogo cha asili. Ni nani miongoni mwetu asiyejua jinsi faili nzuri inavyoharibiwa na mtu anayetaka muhtasari?

Hata hivyo kilichobaki chatosha kumwonyesha. Anasema Athenai hutoa Athenaios, Megara hutoa Megareus, Abdera hutoa Abderites. Amegundua kwamba mikia ina nchi zake: mwisho wa -inos hupendwa na watu wa Italia na Sicilia, kama Tarantinos wa Taras, na mwisho wa -enos hupendwa na watu wa Asia, kama Kyzikenos wa Kyzikos. Lakini kanuni yake haimlevyi. Mara kwa mara baada ya kutoa jina lipasalo kwa kanuni, huongeza kwamba wenyeji wenyewe husema vingine. Na akisha kusema hivyo, basi. Neno la wenyeji limepita.

Kwa nini kazi kubwa kama hiyo juu ya mikia ya maneno? Naomba kuwaonyesha kwa kesi moja ya Athene, ambayo kwangu ni habari ya kiofisi kuliko habari yo yote ya kale niliyopata kuisoma.

Tangu Kleisthenes alipotengeneza mambo ya mji, mwaka 508 K.K., kila raia wa Athene aliandikwa katika daftari ya mtaa au kijiji cha ukoo wake. Mitaa hiyo ilikuwa 139. Kijana alipotimiza miaka 18 wenzake wa mtaa walimpigia kura, akaandikwa. Na tangu hapo jina la mtaa lilifuatana na jina lake. Pericles alikuwa Cholargeus, Demosthenes alikuwa Paianieus, na yule Sokrates wa ulimwengu, katika daftari alikuwa wa Alopeke. Asiyekuwa na neno hilo hakuwa raia. Mwaka 346 K.K. ikatolewa amri kwamba kila mtaa ukague daftari yake, na kila jina lipigiwe kura upya.

Katika mtaa wa Halimous, maili nne hivi kutoka mjini kuelekea baharini, alikuwapo mtu aitwaye Euxitheos. Kwa hiyo alikuwa Halimousios. Mkutano wa ukaguzi ulifanyika mjini, na aliyeusimamia alikuwa Euboulides, adui yake. Watu 73 walikula kiapo. Euboulides akaipoteza siku kwa hotuba na maazimio, hata jina la Euxitheos lilipoitwa giza lilikuwa limeingia, na wazee wengi walikuwa wamekwisha kurudi mashambani kwao. Waliobaki kupiga kura, asema Euxitheos, hawakuzidi thelathini. Na kura zilipohesabiwa zilizidi sitini. Akafutwa.

Alikuwa na haki ya kukata rufani mbele ya baraza la mji, lakini akishindwa huko adhabu yake ilikuwa kuuzwa utumwani. Alikata rufani. Demosthenes ndiye aliyemwandikia maneno yake, nayo tunayo hata leo. Ushahidi uliotolewa juu yake ulikuwa nini? Kwamba baba yake alisema kwa matamshi ya kigeni. Euxitheos ajibu kwamba baba yake alitekwa vitani, akauzwa mpaka Leukas, akakaa huko miaka mingi kabla ya kupata njia ya kurudi. Yawezekanaje ulimi usibadilike? Kwamba mama yake aliuza utepe sokoni na kunyonyesha mtoto wa watu kwa ujira. Ajibu kwamba umaskini huwalazimisha walio huru kufanya kazi nyingi, wala haufuti uzazi wao. Tena aeleza jambo ambalo nikilisoma huinua macho na kuyatazama makabati ya ofisi: kwamba zamani, baba yake Euboulides alipokuwa msimamizi wa mtaa huo huo, daftari ya Halimous ilisemekana kuwa imepotea, na ikabidi watu wapigiwe kura, na baba yake Euxitheos alikubaliwa siku ile bila neno. Mzee yule alikubaliwa daftari lilipokuwa limepotea, na mwanawe akafutwa daftari lilipokuwapo.

Hukumu ya kesi hiyo haikuhifadhiwa. Tuna maneno yote ya mtu huyu, mashahidi wake, makaburi ya wazee wake aliyoyataja moja moja. Lakini kama alirudi nyumbani ni Halimousios, au alitolewa pale barazani akiwa bidhaa, kitabu hakisemi.

Bwana Mwenyekiti, naona saa yanitazama, nami nimebakiwa na ombi moja. Kila mwanachama hapa ametoka wilaya yake, na wengine mmehamishwa mkaona wilaya nne au tano. Naomba kila mmoja aandike karatasi moja, kwa mwandiko usomekao: majina ya mahali pa kwao, wenyeji wa kila mahali wajiitaje wao wenyewe, na mgeni aliyekaa hapo miaka mingi huitwaje. Karatasi hizo apewe Bwana Katibu, azitie katika gazeti letu kidogo kidogo, kwa alfabeti kama Stephanus, ila nasihi tusizifupishe.

Mimi nimekwisha kuanza kwa karatasi ya Tukuyu, nikampelekea yule bwana aliyeuza saa yake aikague. Nalikuwa nimeandika, kwa kufuata kanuni, "Mtukuyu". Imerudi juzi kwa posta. Amelikata neno hilo kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika kwa mkono wake, "Mnyakyusa. Tukuyu ni mji tu. Karibu unakoma."